Shamba la Mlimani Ni la Nani? Udongo, Ng'ombe na Karatasi Juu ya Uvira



Wiki hii tuongee juu ya kitu ambacho karibu kila familia ya huku kwetu iko nacho, au ilikuwa nacho: shamba la mlimani. Ukisimama bandarini Kalundu na kuligeuzia ziwa mgongo, unaona milima ya Mitumba imeinuka mara moja nyuma ya nyumba, kama ukuta. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari. Kule nyuma, vilele vya Itombwe vinapita mita 3,000. Kati ya hapo na pale njo kuna vijiji vilivyolipa minervali ya wengi wetu. Diploma nyingi ziko ukutani leo kwa sababu mama aliuza maharagi, baba aliuza kahawa, ao mjomba alitoa ng'ombe mmoja.

Sasa uliza swali moja rahisi: ile shamba ni ya nani? Mzee wa familia atakujibu, "Ni ya babu yako." Chefu wa lokalite atakujibu, "Ni ya mwami." Mtu wa kadasta atakujibu, "Ni ya Leta." Wote watatu hawadanganyi. Kila mmoja anasimama juu ya historia yake, na hizo historia tatu hazijakaa kwenye meza moja mpaka leo. Tuzifuate moja kwa moja, tangu kijijini mpaka kwenye karatasi, halafu tuone sisi tuliosoma tunaweza kufanya nini.

1. KIJIJI CHENYEWE

Nchi yetu ina ngazi tatu. Chini kuna uwanda wa Ruzizi na ukingo wa ziwa: joto, mpunga, mihogo, samaki. Katikati kuna milima ya kimo cha kati, upande wa Lemera na nyuma ya Uvira: migomba, kahawa, maharagi, mahindi, mihogo. Juu kabisa, Bijombo, Minembwe na Itombwe, kuna baridi. Mgomba hausitawi vizuri, kwa hiyo watu wanalima viazi, mahindi na maharagi, na majani ni ya ng'ombe. Wafuliiru, Wavira, Wanyindu, Wabembe, Wanyamulenge na wengine wameishi kwenye hizo ngazi wakibadilishana vitu: maziwa kwa mihogo, ndagala kwa maharagi, jembe kwa mbuzi.

Kijiji cha mlimani hakijapangwa kwa mstari kama kata za mjini. Nyumba moja iko hapa, nyingine iko ng'ambo ya kijito. Kuzunguka nyumba kuna migomba, maana pale njo majivu na takataka za jikoni zinaanguka na udongo unanona. Kando yake kuna mateke na lengalenga. Mbele kidogo kuna shamba la maharagi yaliyochanganywa na mahindi, halafu mihogo, halafu sehemu iliyoachwa ipumzike. Chini bondeni kuna kinamasi, ambacho hulimwa wakati wa kiangazi, sehemu zingine zote zikiwa zimekauka. Watu wanapanda mara mbili: mvua za kwanza mwezi wa 9, na tena kuanzia mwezi wa 2. Kinamasi njo mavuno ya tatu, na njo maana ugomvi wa kinamasi ni mkali kuliko wa mlima.

Sisi tuliozoea parseli ya mjini, yenye mbao nne za mpaka na mtu mmoja mwenye jina, tunakosea tukidhani shamba la kijijini ni kitu kimoja. Kwenye kipande kimoja cha udongo kuna haki nyingi. Mavuno ni ya yule aliyelima. Mti ni wa yule aliyeupanda, hata kama shamba ni la mwingine. Maharagi yakiisha kung'olewa, mbuzi za majirani zinaweza kupita kula mabaki. Njia ya kwenda majini haina mwenyewe. Kaburi ni la ukoo mzima, na mahali kaburi la babu liko, hakuna karatasi inayoweza kuwaambia wale watu kwamba walikuja juzi.

Na kuna sheria moja ndogo ambayo kila mtoto wa mlimani anaijua bila kufundishwa: ukiazimwa shamba, panda maharagi, panda mahindi, panda hata mihogo, lakini usipande mgomba, usipande kahawa, usipande mti. Kwa nini? Kwa sababu kitu cha miaka mingi ni sahihi. Aliyepanda mgomba amesema, "Mimi niko hapa." Akiisha kuvuna mara tano, watoto wake watasema baba aliwaachia. Wazee hawakuwa na notere. Migomba njo ilikuwa notere wao. Tukumbuke hii sheria, maana itarudi kwenye habari ya mafuriko.

2. MWAMI, ZAWADI NA NG'OMBE

Katika desturi, udongo wote wa shefri uko mikononi mwa mwami. Hapa wasomi wengi wanasema haraka, "Basi, mwami alikuwa tajiri wa mashamba yote." Hapana. Mwami hakulima yote na hakuweza kuuza yote. Alikuwa mlinzi wa udongo: aligawa, aliamua ugomvi, alipokea heshima. Chini yake kulikuwa na wakubwa wa milima na wazee wa vijiji, na hao njo waliojua kila kijito na kila jiwe la mpaka.

Mtu aliyetaka shamba la kudumu alitoa kitu. Katika Bushi, jirani zetu wa kaskazini, jina lake linajulikana sana: kalinzi. Unatoa ng'ombe, ao mbuzi na pombe, mbele ya watu, na unapata udongo ambao watoto wako watarithi. Lakini pamoja na udongo unapata pia bwana: umekuwa mtu wake, utasaidia kazi zake, utamheshimu. Kwa yule asiye na ng'ombe kulikuwa na bwasa, shamba la msimu mmoja ao miwili, ambalo linarudi kwa mwenyewe. Desturi za Bafuliiru na Bavira zilitembea kwa njia inayokaribia hiyo: zawadi, mashahidi, pombe inayonywewa pamoja, na mpaka unaotembelewa kwa miguu.

Wafugaji nao walikuwa na njia yao. Aliyelisha ng'ombe kwenye udongo wa chefu alitoa itulo, kodi ya heshima, mara nyingi ng'ombe. Itulo ilisema vitu viwili kwa pamoja: mfugaji anakubali kwamba udongo uko na mwenyewe, na mwenye udongo anakubali kwamba mfugaji ana ruhusa ya kuwa pale. Kila upande ulisikia zaidi lile neno lililoupendeza. Mmoja alisema, "Unalipa kwa sababu wewe ni mgeni." Mwingine alisema, "Nimelipa, kwa hiyo niko kwangu." Ule mfarakano wa maana, ambao ulikaa kimya kwa miaka mingi, njo ulikuja kuwa moto wakati wa siasa.

Tusipambe ile zamani. Kulikuwa na unyonge ndani yake: aliyekosa kumheshimu chefu aliweza kunyang'anywa. Na katika karne ya 19 ziwa lenyewe halikuwa salama. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, palikuwa tayari ni mahali pa biashara ya pembe na ya watumwa, iliyounganishwa na Ujiji. Kwa watu wa pwani wakati ule, kupanda mlima kulikuwa pia njia ya kujificha.

3. "UDONGO MTUPU" WA MWAKA 1885

Tarehe 1 Julai 1885, mbali sana na hapa, kule Vivi karibu na mdomo wa mto Kongo, utawala wa Léopold II ulitoa amri: udongo usio na mwenyewe ni mali ya Serikali. Wakati ule Uvira haikujua hata kwamba iko ndani ya nchi inayoitwa État Indépendant du Congo. Mwaka uliofuata waliongeza kwamba udongo unaokaliwa na wenyeji utaendelea kufuata desturi zao. Maneno mazuri. Lakini neno zito lilikuwa lile la kwanza: "tupu".

Rudi kijijini uangalie. Ile sehemu iliyoachwa ipumzike miaka minne ni tupu? Majani ya ng'ombe ya mwezi wa 7 ni tupu? Msitu wa kuni, wa dawa na wa fito za nyumba ni tupu? Kwa mkulima, hapana. Kwa mtu aliyepita na kalamu asione jembe, ndiyo. Dekreti ya tarehe 3 Juni 1906 ilijaribu kueleza: udongo wa wenyeji ni ule wanaoukaa, wanaoulima, ao wanaoutumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi, na watawala waliweza kuwaongezea mpaka mara tatu ya ule wanaoutumia. Yaani mtu anapewa kama zawadi kile ambacho tayari kilikuwa chake.

Hii haikuwa akili ya Wabelgiji peke yao. Kule Java, kisiwa cha milima na cha wakulima wadogo kama sisi, Waholanzi walitangaza mwaka 1870 kwamba udongo wowote ambao mtu hawezi kuonyesha kuwa ni mali yake ni wa serikali. Mkulima wa mlimani huko Java na mkulima wa Lemera hawakujuana hata siku moja, lakini waliamka wakiwa na shida moja: kuthibitisha kwa karatasi kitu ambacho baba zao walikithibitisha kwa migomba na makaburi.

Halafu mambo yalifuatana. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilishambulia ukingo wa ziwa na bonde la Ruzizi, na utawala ukahamisha vijiji. Mwaka 1917 ikaja amri ya mashamba ya lazima. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, iliyopewa uwezo wa kugawa udongo "mtupu" wa Kivu kwa walowezi na makampuni. Baada ya vita ya 1940-1945 wakulima wakasukumwa kuchimba mitaro na matuta ya kuzuia mmomonyoko, na huko uwandani watu wakapangiwa mashamba kwa mistari, pamba kwa zamu. Wazee wengi waliichukia ile kazi ya matuta kwa sababu ya fimbo na faini. Uhuru ulipokuja, matuta mengi yaliachwa. Kitu kizuri kilichokuja na fimbo kiliondoka na fimbo.

Wabelgiji walibadilisha kitu kingine pia, cha kimya zaidi. Walitaka kila mwami awe na mpaka kwenye ramani. Zamani chefu alihesabu watu. Sasa alihesabu udongo. Waliopata shefri walipata neno la kusema juu ya udongo. Waliokosa walibaki chini ya wengine. Mpaka leo, ukisikia kelele juu ya gurupema fulani ao komini fulani, kama ile ya Minembwe mwaka 2020, ujue chini ya siasa kuna swali la mkulima: nani atakuwa na kalamu ya kugawa shamba?

4. KUKIMBIA NA KURUDI, MARA YA KWANZA

Mwaka 1964 uasi uliwaka upande wetu, na katikati ya mwezi wa 5 Uvira ilianguka mikononi mwa waasi. Mambo ya siasa ya ule mwaka yameandikwa na wengi. Mimi nataka tuangalie mashamba. Watu walikimbilia msituni, wengine Burundi, wengine walishuka uwandani. Ng'ombe walichinjwa ao kunyang'anywa, na wafugaji wengi walihama kutoka sehemu moja ya mlima kwenda nyingine. Migomba ilibaki peke yake.

Waliporudi, wengine walikuta shamba linalimwa na mtu mwingine. Kwa desturi jambo lilikuwa rahisi: uliza mashahidi. Lakini mashahidi wengine walikufa, na wengine hawakurudi. Hapo njo mlima ulijifunza kitu ambacho baadaye ulikirudia mara nyingi: ng'ombe anaibiwa kwa sababu anatembea, lakini shamba linaibiwa kwa sababu mwenyewe ametembea.

5. KARATASI YA MWAKA 1973

Leta ya Kongo huru haikurudisha udongo kijijini. Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka sheria ya Bakajika, iliyorudisha kwa Leta haki zote juu ya udongo. Halafu tarehe 20 Julai 1973 ikaja sheria kubwa, ile nambari 73-021, ambayo wanasheria wetu wanaijua kwa kichwa. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, hauuzwi wala haupotei kwa kupita kwa miaka. Mtu binafsi anaweza kupata haki ya kuutumia tu, na ile haki inathibitishwa na cheti cha usajili kutoka kwa konservatera.

Na vijiji je? Soma vifungu vitatu vinavyofuatana. Cha 387: udongo unaokaliwa na jamii za wenyeji umekuwa wa Leta. Cha 388: huo ni udongo ambao jamii zinaukaa, zinaulima ao zinautumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi. (Umesikia? Ni karibu maneno yale ya 1906.) Cha 389: haki za watu juu ya udongo huo zitapangwa na ordonansi ya Rais.

"Zitapangwa." Mwaka 2023 ile sheria ilitimiza miaka 50, na ordonansi haikuwa imetoka. Kwa nusu karne mamilioni ya wakulima wa Kongo wameishi ndani ya neno moja la wakati ujao. Mwami ameambiwa udongo si wake tena, lakini anaendelea kugawa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuja kugawa. Leta imesema udongo ni wake, lakini haijafika kijijini kupima. Mkulima anampa mwami mbuzi, anamlipa mtu wa ofisi franka, na bado hana kitu cha kuonyesha.

Katika lile tundu waliingia wajanja. Sheria inataka uchunguzi kabla ya kutoa udongo wa kijijini: watu waende mahali penyewe, wasikilize wenyeji, waandike nani ana haki gani. Uchunguzi ukifanywa mezani, na chefu akikubali bahasha, mtu mwenye pesa anatoka na cheti juu ya mlima ambapo familia kumi zinalima. Na kile cheti, miaka miwili ikipita bila mtu kukipinga, ni vigumu sana kukiangusha. Familia ile ya mlimani itajuaje kwamba siku zimeanza kuhesabiwa? Karatasi iko mjini, wao wako kwenye maharagi.

Lakini tusisahau: Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema Leta inalinda mali ya mtu mmoja ao ya jamii iliyopatikana kwa sheria AO KWA DESTURI. Hayo maneno mawili ya mwisho ni silaha. Wangapi kati yetu tumewahi kuyasomea wazee wetu kwa lugha wanayoielewa?

6. BINTI NA MJANE

Hapa desturi yetu inahitaji kuambiwa ukweli. Mlimani, mwanamke njo analima zaidi: anapanda, anapalilia, anavuna, anabeba mgongoni mpaka sokoni. Lakini shamba linapita kutoka kwa baba kwenda kwa kijana mwanaume. Binti "ataolewa, atapata kwa bwana yake." Kwa bwana yake anaambiwa, "Shamba ni ya ukoo wetu." Bwana akifa, mjane anabakia kwa ajili ya watoto wake wanaume, asipokuwa nao, mashemeji wanaanza kupima kwa hatua.

Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987 inasema watoto wote ni warithi, wanaume kwa wanawake, kwa sehemu sawa. Marekebisho ya 2016 yaliondoa ile sharti ya mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana yake kwa matendo ya kisheria. Kwa hiyo kijana mwenye lisansi anayemwambia dada yake "desturi inakatala" anajua sheria inakubali. Anachagua tu ile inayomletea faida.

Na hesabu inatubana wote. Chukua baba mwenye hektari 2 na vijana 4: kila mmoja nusu hektari. Kila kijana naye akizaa wanne, mjukuu anapata ari 12 na nusu. Hapo hata tukigawa kwa haki kabisa, jembe peke yake halitalisha mtu. Watu wanashuka mjini, ao wanapanda juu zaidi, kwenye mteremko ambao wazee waliuacha kwa miti.

7. KUTOKA MLIMANI MPAKA MTO MULONGWE

Usiku wa tarehe 16 kuingia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilijaa na kuingia Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka. Tulilia, tukasema ni mvua. Ndiyo, mvua ilikuwa kubwa. Lakini maji yale yalitoka mlimani, na yalishuka na udongo na mawe ya mlimani.

Sasa kumbuka ile sheria ya shamba la kuazima: usipande mti. Zamani aliyeazima alikuwa mmoja kati ya wengi. Leo, kwa vita na kwa wingi wa watu, wengi wanalima kwa kukodi msimu mmoja ao miwili. Mtu wa msimu mmoja hapandi mti, kwanza kwa sababu anakatazwa, pili kwa sababu hatauona ukikua. Hachimbi tuta, kwa sababu tuta ni kazi ya miaka na yeye ana miezi. Anakata, anachoma makala, anapanda mihogo, anavuna, anaondoka. Hana ubaya, anafanya hesabu ya mtu asiye na uhakika. Kwa hiyo swali la "shamba ni la nani" si la watu wa mlimani tu. Jibu lake likikosekana kule juu, linashuka usiku kwenye kata zetu.

Na chini kuna maajabu mengine: miaka hii ziwa limepanda na kumeza nyumba za ukingoni. Kuna watu wenye karatasi nzuri, na parseli yenyewe iko ndani ya maji.

8. KUKIMBIA, NA KUTORUDI

Vita ilianza upande wetu mwaka 1996. Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera ilishambuliwa, na mwezi ule ule Uvira ikaanguka. Tangu hapo mlima haujapumzika kweli. Tangu 2017, upande wa Bijombo, Minembwe na Itombwe, vijiji vimechomwa moto, vya makabila yote. Ng'ombe wamenyang'anywa kwa maelfu. Mashamba yamekuwa pori. Hakuna jamii hata moja kule juu ambayo haijazika watu wake na haijapoteza mali yake. Anayekuhesabia wafu wa upande mmoja tu, mshukuru, halafu muombe amalizie hesabu.

Kwa udongo, hii vita imefanya kitu ambacho 1964 haikufanya. Mashahidi sasa wako Nyarugusu huko Tanzania, Burundi, Uganda, Marekani. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka kambi ilipofunguliwa, 1996, sasa ni baba ya watu. Anajua jina la mlima wake, lakini hajui kijito cha mpaka. Baba akifa kule, ramani inazikwa naye.

9. WENGINE WAMEFANYA NINI

Hatuko peke yetu. Uganda, katika Katiba ya 1995, ilitambua umiliki wa desturi kuwa umiliki kamili. Tanzania ilitunga sheria ya ardhi ya vijiji mwaka 1999, na kijiji chenyewe kinaweza kutoa hati ya kimila. Ng'ambo ya ziwa, Burundi, sheria ya 2011 iliruhusu ofisi ya komini kumpa mkulima cheti cha shamba lake bila kwenda mbali. Indonesia, ile ya 1870, ilifika mbali pia: mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba msitu wa desturi si msitu wa serikali. Kote huko matatizo hayajaisha. Karatasi inaweza kuibiwa kama shamba. Lakini kote huko waliacha kudanganya kwamba kijiji ni udongo mtupu.

10. SISI JE?

Hatuwezi kutunga sheria kutoka kwenye ukurasa huu. Lakini kuna kazi ambayo haingoji ordonansi ya mtu:

– Wazee wakiwa bado wanapumua, andika. Jina la mlima, kijito, jirani wa kila upande, nani alitoa nini kwa nani, na mbele ya nani. Andika pia majina ya majirani wa kabila lingine. Ushahidi wao njo utakuwa na nguvu zaidi.
– Aliye na simu, apige picha za mipaka na za makaburi kila anapofika salama.
– Mwanasheria, toa kifungu cha 34 cha Katiba na vifungu vya 387 mpaka 389 kwa Kiswahili chepesi, usome sokoni, kanisani, msikitini, kwenye salongo.
– Mwagronome, tusaidie kuandika mkataba wa kukodi wa miaka mitano ao kumi, unaomruhusu mkodishaji kupanda miti na kuchimba tuta bila mwenye shamba kuogopa.
– Na kila mmoja wetu mwenye dada: kwenye karatasi ya familia, andika jina lake.

Wazee wetu wanasema, "Mtu anakufaka, shamba inabakia." Ni kweli, inabakia. Lakini inabakia na nani, hiyo haijiandiki yenyewe. Anzeni hata hapa chini: andika jina la mlima wenu na jina la kijito cha mpaka. Mtu wa kijiji cha jirani atakujibu, na hapo mutakuwa tayari mashahidi wawili.